Gari la Mwezi Mbaya

Jumanne, 17 Desemba

Leo nimewazidi akili wafanyabiashara wote wa Jamnagar, na hakuna hata mmoja anayejua.

Tangu jana tumeingia Kamurta, mwezi mbaya. Hakuna harusi, hakuna kuhamia nyumba, hakuna kununua gari, mpaka siku ya vishada katikati ya Januari. Kila Mgujarati mwenye akili timamu amekaa kwake. Duka la magari la barabara ya Rajkot lilikuwa tupu, mlinzi anapiga miayo. Nikaingia mimi, Vallabhdas Raichura, muuza karanga, kwa mwendo wa mtu aliyepotea njia.

Muuzaji, Parimal, ni mkweli kupita kiasi kwa kazi yake. Alisema lipo gari moja jipya, halijawahi kuendeshwa na mtu, ila limekaa yadini tangu kabla ya mvua za Julai, na wakubwa wanataka liondoke. "Mzee wangu, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Gari likikaa, linazeeka." Nikamjibu kwamba mimi nimekaa dukani miaka thelathini na sijazeeka. Hakucheka. Lakini punguzo alilonitajia! Almanusura nimkumbatie.

Nimelipa. Gari sikulichukua. Hapo ndipo akili ilipo. Litabaki yadini mpaka mwezi mbaya uishe, kisha nitalitoa kwa nazi na ndimu kama mtu aliyenunua siku hiyohiyo. Bei ya mkosi, baraka za sikukuu. Sijawahi kusikia mtu aliyewaza hivi.

Ba asijue. Ba ni mama yangu, na kwake yeye kitu kilichonunuliwa Kamurta ni kama chakula kilichorambwa na mbwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Ramila, mke wangu, mama wa Falguni wetu, amesema Ba amekonda. Alisema akisukuma chapati, bila kuniangalia, kwa sauti ile ya kumlaumu mtu bila kumtaja.

Naandika habari hii kwa haki. Mwaka juzi, katika msiba wa baba, Ba alisema hajawahi kufika Dwarka kwenye hekalu la Krishna, ingawa ni mwendo wa asubuhi moja tu. Marehemu alikuwa akimwahidi kila mwaka. Nikasimama mbele ya waombolezaji nikasema nitampeleka mimi, kwa gari langu mwenyewe. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Ilikuwa hotuba nzuri.

Basi Ba akaweka nadhiri papo hapo. Hatagusa chai mpaka afike Dwarka kwa gari la mwanawe. Ndivyo tulivyo, mtu hujinyima akipendacho mpaka ombi litimie. Wengine huacha embe, wengine hutembea pekupeku. Ba alikuwa mtu wa chai tangu alfajiri mpaka kulala, anaimimina kwenye kisahani, anaipuliza, anaivuta kwa mlio. Siku hizi nyumba yetu iko kimya asubuhi. Nikiusikia ukimya huo huumia, kwa hiyo huwahi kwenda dukani.

Ningeweza kununua siku ya Dhanteras, kabla ya Diwali, wanaponunua wote. Mwanyumba wangu Himatlal, aliyemwoa dada yake Ramila, alinunua siku hiyo. Bei kamili! Akapigwa picha ameshika ufunguo wa karatasi mkubwa kama mlango. Aliniuliza mbele ya watu, "Vipi mwanyumba, la kwako linakuja kwa miguu?" Haraka haraka haina baraka.

Himatlal alijitolea kumpeleka Ba kwa gari lake. Ba akamshukuru, akakataa. Hapo nilijivunia mama yangu.

Jumapili, 22 Desemba

Hatari. Ofisi ya Himatlal iko ng'ambo ya ile yadi. Na Parimal, kwa ukweli wake, amebandika karatasi kwenye kioo cha mbele: LIMEUZWA, RAICHURA. Himatlal akiiona, Ramila atajua kabla ya chakula cha mchana, na Ba kabla ya sahani kuoshwa.

Nimekwenda na magunia ya dukani kwangu nikalifunika gari lote, nikalifunga kamba kama mzigo wa kupelekwa bandarini. Parimal alisema kuna turubai maalumu, wanauza. Nikamwambia turubai halipumui, magunia yanapumua. Akaingiza mkono pembeni ya gunia moja, akatoa kiganja cha karanga. "Mzee, haya hayajakung'utwa. Utaniletea panya hapa." Nikamwambia karanga ni kitu cha heri, hata hekaluni tunapeleka. Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akazila.

Ijumaa, 3 Januari

Ba ana homa na kikohozi. Daktari alikuja, akamwagiza anywe chai nzito ya tangawizi, nyingi, ya moto. Ba akasema atakunywa maji ya moto ya tangawizi. Daktari akasema si sawa na chai, koo linataka ile yenyewe. Ba akasema koo litangoja.

Jioni aliniita. Akaniuliza Dwarka lini. Nikasema mwezi mbaya ukiisha tu, Ba, kila kitu nimekipanga. Akasema, "Haya, Vallu. Nisije nikaisha mimi kwanza." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeulizia bei.

Nilitoka nikasimama kibarazani. Nilijisikia vibaya sana, na sioni aibu kuandika. Nilishavaa viatu. Nikawaza, nikalitoe kesho, tuondoke. Lakini Ba angejua limenunuliwa Kamurta, nadhiri ingeharibika, na dhambi ingekuwa juu yangu. Tena punguzo lingekosa maana. Nikavua viatu. Subira yavuta heri.

Nilimkanda miguu mpaka akalala.

Jumanne, 14 Januari

Siku ya vishada. Mwezi mbaya umekwisha. Mji mzima uko juu ya mapaa.

Himatlal alikuja na familia yake kurusha vishada kwetu, maana paa letu ni refu. Mchezo ni kukata uzi wa mwenzako kwa uzi wako, na alikata kishada changu mara ya kwanza. Akakata cha pili. Uzi wangu ulikuwa wa mwaka jana, niliununua kwa bei nzuri baada ya sikukuu ile kwisha, nikauweka. Umeoza kidogo. Mashemeji na watoto walipiga makelele ya ushindi, na Ba, aliyepandishwa paani na kufunikwa shali, alicheka mpaka akakohoa.

Nikatangaza hapohapo kwamba kesho natoa gari jipya. Himatlal akauliza nimelinunua lini. Nikasema la kesho ni la kesho. Ramila alinitazama kama anavyoitazama mizani ya mtu asiyemwamini.

Jumatano, 15 Januari

Kuhani alitupangia saa ya heri, asubuhi. Tulikuwa watu wengi pale kwenye duka la magari, kila familia na gari lake, kila gari na utepe mwekundu. Nililivua magunia mwenyewe, alfajiri, kabla wengine hawajafika. Lilikuwa na vumbi la karanga na vinyesi vidogo vyeusi juu ya boneti. Nikavifuta. Parimal aliviona. Akasema lazima fundi alifungue kabla halijatoka, alikague nyaya. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema mpaka jioni. Nikamwambia saa ya heri haingoji jioni.

Basi ikaja saa ya heri, nikawasha. Kimya. Betri imekufa. Akina mama wa familia nyingine wakaanza kunong'ona. Kuhani akatazama saa yake mara tatu. Ndimu nne zilikuwa zimeshawekwa, moja chini ya kila tairi, na gari lazima lizikanyage kabla saa haijapita.

Nikaamuru lisukumwe. Himatlal alisukuma kuliko wote, na huku akisema, "Kazeni jamani, nilisema linakuja kwa miguu!" Ndimu tatu zilipasuka. Ya nne ilipona. Tairi hilo limekaa kwa muda mrefu mpaka limekuwa bapa upande mmoja, likarukia juu ya ndimu bila kuigusa. Nikaikanyaga mwenyewe kwa kisigino wakati kuhani anafunga begi lake.

Walipoliamsha kwa betri ya gari lingine, likanguruma vizuri. Nyumbani Ba alilipaka unga mwekundu wa heri kwenye boneti, akaingia, akakaa, akavuta pumzi. Akasema linanuka kama stoo ya marehemu baba. Nilimwona akifuta machozi kwa ncha ya sari. Hata mimi nilifuta.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika tukiwa Dwarka, kwenye nyumba ya mahujaji.

Tuliondoka alfajiri, Ba na mimi mbele. Himatlal alitufuata na gari lake, amewabeba wake zetu, maana Ramila alikataa kupanda la kwetu mpaka lirudi salama. Ba alikuwa na kikapu cha maua mapajani. Gari lilidunda kwa sababu ya lile tairi, lakini Ba alisema linamkumbusha kigari cha ng'ombe alichoolewa nacho. Alikuwa na furaha. Nilimwambia, unaona Ba, subira.

Tulipopita Khambhalia, taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja. Kisha zikazimika zote. Gari likajiendea lenyewe mpaka pembeni mwa shamba la pamba, likasimama.

Himatlal alifungua boneti. Ndani kulikuwa na kiota kikubwa, kisafi, kimesukwa kwa nyuzi za magunia yangu, na maganda ya karanga pembeni. Nyaya zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Nikasema haya ndiyo matatizo ya kuuziwa gari lililokaa. Himatlal akainua kipande kimoja cha gunia, akakisoma. Kilikuwa na sehemu ya jina la duka langu. Akasema, "Mwanyumba, hata panya wako wanafunga mzigo kwa chapa." Kwa heshima ya Ba, alikifutika mfukoni bila kusema zaidi.

Akamwendea Ba, akainama, akamwambia, Ba njoo kwangu, hekalu haliko mbali. Ramila naye akambembeleza. Jua lilishakuwa kali na Ba alikuwa anakohoa. Ba akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. "Niliweka nadhiri ya gari la mwanangu. Sishuki." Himatlal akasema, "Lakini Ba, halitembei." Ba akasema, "Basi livute."

Dereva wa lori alitupatia kamba. Ndivyo tulivyoingia Dwarka, gari la Himatlal mbele, letu nyuma, mimi nimeshika usukani kama kiongozi wa nchi. Watu barabarani waliunganisha viganja kutuamkia. Nafikiri ilikuwa kwa ajili ya Ba. Alipoiona bendera ya hekalu juu ya mapaa, aliacha maua yaanguke, akaunganisha viganja, akamwita baba kwa jina lake. Sijawahi kumsikia akilitaja. Mke wa kwetu hataji jina la mumewe.

Baada ya hekalu tulikaa kwenye kibanda cha chai. Nikamwagizia chai. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, akaivuta kwa ule mlio. Nililia hadharani, mtu wa umri wangu. Ramila akanishika bega.

Ba akanywa yote. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba alijua gari lililipiwa Kamurta. Himatlal aliliona siku ileile, pamoja na karatasi yake, kabla ya magunia, na wote walikubaliana kunyamaza ili nisiumbuke. "Hilo halikunisumbua, Vallu. Mungu atanisamehe. Ila ungelinunua wakati wa Diwali, ningeshakuwa nimekunywa."

Nilimweleza habari ya punguzo, polepole, mpaka mwisho. Alisikiliza yote.

Jumapili, 19 Januari

Tumerudi jana kama tulivyokwenda, kwa kamba. Nimekaa na kufikiri kwa makini. Safari nzima ya Dwarka, kwenda na kurudi, sikuchoma mafuta ila mpaka Khambhalia. Himatlal amechoma yake yote. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu, nani amemshinda nani?

Fundi ameshaweka nyaya mpya. Gari ni zima. Asubuhi hii Ba aliletewa habari kwamba dada yake wa Porbandar yuko hoi kitandani na anamwulizia. Akaniomba nimpeleke wiki hii. Himatlal alikuwapo, akasema yuko tayari hata leo. Ba akasema hapana, atakwenda na mwanawe.

Nimeguswa sana. Nikamwahidi mbele ya wote, nikiwa nimesimama. Ila nilimweleza pia kuhusu matairi. Parimal ameniambia kuna matairi yaliyokaa ghalani miaka kadhaa, mapya kabisa, na mwisho wa Machi wanapofunga hesabu za mwaka watayatoa kwa bei ya kutupa. Hata yeye alinishauri nisiyanunue, jambo linaloonyesha jinsi yanavyogombaniwa. Kwa nini niende Porbandar kwa matairi mabovu wakati Machi iko hapo tu? Kwa sasa gari nimelifunika vizuri.

Ba akasema, "Sawa, mwanangu." Alikuwa ameshika kisahani, chai inafuka moshi, hajaigusa. Akaisogeza taratibu upande wangu wa meza. Ramila akasema kwa sauti ya chini, "Baba Falguni, Ba ameanza tena."

Sikuelewa anachonung'unikia. Maziwa yamepanda bei, na kumwaga chai ni dhambi. Nikainywa.