Kaseti ya Kobe Jemadari

Kuramochi alikuwa na kigari cha mizigo, kipaza sauti juu ya paa, na ulimi wa asali. Kila asubuhi alizunguka mitaa ya Osaka akitangaza kwamba anachukua vitu vichakavu bure. Uongo mtupu. Akishapakia ndipo alipotaja bei, na watu walilipa, maana katika mji ule kutupa friji ni kama kuzika mjomba: unapiga simu, unapangiwa siku, unalipia, na majirani wanachungulia.

Siku hiyo aliitwa na Bi Toyo, mjane wa ghorofa ya nne, amchukulie friji. Alipokuwa anavua viatu mlangoni, jicho likaangukia kikapu. Ndani kulikuwa na kimashine cha gemu cha mkononi, cha kijivu, cha enzi za utoto wake, na kaseti kama thelathini. Ya juu kabisa ilikuwa na lebo ya dhahabu: Kobe Jemadari.

Nusura aanguke na kiatu mkononi. Kaseti ile haikuwahi kuuzwa dukani. Walizawadiwa washindi mia wa shindano fulani, basi. Nezu, mwenye duka la gemu kuukuu kule Nipponbashi, alikuwa amebandika tangazo dirishani: yeni laki nane kwa atakayeileta. Kwa laki nane Kuramochi angetupa kipaza sauti, akodi kibanda, akae kwenye kiti kama binadamu.

"Bibi, na hizi takataka?" aliuliza, huku akipiga mwayo. "Betri za ndani zikivuja ni sumu. Nitakuchukulia kwa huruma tu."

"Mwanangu, umelelewa! Lakini marehemu mume wangu aliusia: mwenye kuchukua kaseti achukue na friji. Bure."

"Bure, bibi. Kwani nimetaja hela?"

"Na ile televisheni ya chogo."

"Haya."

"Na mashine ya kufulia. Marehemu aliipenda sana."

Kuramochi akajikumbusha: laki nane. Mgongo utapona.

Bi Toyo akagonga ukuta mara mbili. Milango ikafunguka kulia na kushoto, wakatoka majirani wawili wakiinama kwa adabu, kila mmoja akisukuma friji yake.

"Na hawa marehemu aliwataja?"

"Kwa majina."

Kabla ya kumpa kikapu, Bi Toyo alimletea karatasi: nimepokea vyote kwa hiari yangu, sitavirudisha. Kuramochi akatoa mfukoni muhuri wa jina lake, ambao kule ndio sahihi ya mtu, akaugonga. Akashusha mizigo yote ghorofa nne, na lifti hakuna. Majirani walimpepea kwa vipeperushi na kumwambia ajitahidi.

Alifika kwa Nezu amepinda kama ndoano. Nezu aliishika kaseti, akachukua bisibisi ndogo, akaifungua. Ndani hamkuwa na kitu ila kibao cha mti, vile vibao vinavyokaa chini ya keki ya samaki wa kusagwa. Bado kilinuka.

"Friji ngapi?" Nezu aliuliza.

"Tatu. Umejuaje?"

"Mwenzako wa mwezi wa pili alibeba mbili."

"Yule bibi mchawi! Namrudishia zote sasa hivi, nazimwaga mlangoni kwake!"

"Hukugonga muhuri?"

Kuramochi akatazama nje, kigari chake kikiwa kimelala upande mmoja kwa uzito, kisha akatazama dirisha.

"Na lile tangazo lako la laki nane?"

"Lile? Soma vizuri huo mwandiko. Aliliandika yule bibi mwenyewe, akaniletea na vitumbua vya pweza."

Kuramochi alinyoosha mkono aichukue kaseti, walau aende nayo mji mwingine akamtafute mjinga wake. Nezu akaifunika kwa kiganja.

"Hii inabaki, ndugu yangu. Bi Toyo ataipitia Jumatatu. Ghorofa ya pili wana piano."