Pikipiki Yenu Imeitika Jina la Njenga

Seline, Mama Walter,
Nyalenda, Kisumu.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Pikipiki za Fahali.

Ndugu Meneja,

KUH: FAHALI 350 MPYA KUTOFANANA NA MAREHEMU

Natumaini barua hii itakukuta wewe mzima pamoja na watu wa nyumba yako. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa pikipiki. Shule mimi niliachia darasa la nane, kwa hivyo ukiona mahali nimekosea usikasirike. Endelea tu kusoma, maana utaipata mbele.

Mimi ni mke wa Frankline. Frankline anabeba samaki kwa pikipiki, anatoa Port Victoria anapeleka Muhoroni kwa watu wa miwa. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, Mzee Walter, ambaye aliifanya miaka mingi na Fahali 350 wa zamani, yule mliyeacha kumtengeneza. Mzee alitutoka mimi nikiwa na mimba. Fahali wake naye hakukaa, injini ilikwama matanga hayajaisha, akauzwa chuma. Nilipojifungua mvulana tukamwita Walter, na hakuna mtu aliyeuliza swali.

Kisha tukasikia kwa redio kwamba mmemrudisha Fahali. Mama Dorca, mama mkwe wangu, alikuwa hajacheka tangu tumzike Mzee. Aliposikia jina hilo aliacha kuchambua dagaa wa omena, akauliza, "Fahali gani? Wetu?" Frankline akaamua palepale. Tangazo lenu lilisema ni pikipiki ya uzito wa kati, si nyepesi kama ya boda na si nzito kama ya askari wa msafara, sawasawa na ile ya kwanza. Tulipoileta, Mama aliizunguka polepole, akapapasa tangi jekundu, akasema, "Tangi ni lake. Mwenye tangi simjui."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sauti. Fahali wa zamani alikuwa anasikika akiwa bado Nyamasaria. Mama akimsikia anaweka maji ya ugali kwa jiko, na Mzee akifika mlangoni maji yanachemka. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya nyumba hii. Huyu wenu mpya ananong'ona kama cherehani. Juzi Frankline alifika, akazima, akaingia, akasimama nyuma ya mama yake akasema "Hodi," na Mama akarusha sufuria. Akaniambia, "Nyar Seme," ndivyo ananiita kwa sababu nilizaliwa Seme, "fahali gani huyu anakuja nyumbani kama mwizi wa kuku?" Nakuomba jibu.

2. Kiki. Yule wa zamani alikuwa haamki bila kupigwa kiki, na kiki moja haikutosha. Mzee alikuwa anampiga kiki huku akimbembeleza, "Amka ndugu yangu, samaki wataoza." Wakati huo wote Mama alikuwa anasimama mlangoni, na huko ndiko kulikuwa kuagana kwao kwa asubuhi. Akikataa kabisa, majirani wote wa ploti walikuwa wanatoka kumsukuma, na hivyo ndivyo watu walivyojuana. Ndoa mbili zilianzia nyuma ya ile pikipiki, moja ikiwa yangu, maana nilikuwa nimekuja kumtembelea shangazi, nikaitwa nisukume, na aliyekuwa anasukuma kando yangu alikuwa Frankline. Sasa nyinyi mmeweka kitufe! Frankline anabonyeza, anaondoka. Mkono wa mtoto bado uko hewani unapunga, baba ameshafika barabarani. Majirani hawaitwi tena. Naomba muniambie vijana wa ploti hii wataoa namna gani.

3. Moshi. Hili ni dogo, lakini zamani mbu walikuwa hawakai kwetu.

4. Kulia. Hapa ndugu Meneja naomba uketi vizuri. Pikipiki yenu ina alamu. Paka akiigusa inalia, upepo wa ziwa ukiigusa inalia. Na sisi huku tuna desturi yetu. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanakaa karibu naye, wanamtajia majina ya watu wetu waliotangulia, mmoja mmoja. Akinyamazia jina fulani, basi amepata jina lake. Asubuhi moja Fahali wenu akaanza kulia, hanyamazi, na Frankline alikuwa anaoga. Mama akavuta kiti, akasema, "Huyu hataki jina mlilompa." Akaanza. Walter? Ikalia. Okinyi, baba yake Walter? Ikalia zaidi. Akataja wajomba, akataja shangazi, akataja mpaka mwalimu wake wa shule ya Jumapili, inalia tu. Mama akachoka, akajifuta jasho, akaniambia, "Heri Njenga angekuwepo." Frankline akatoka bafuni na ufunguo mkononi, na pikipiki ikanyamaza kimya.

Njenga, ndugu Meneja, alikuwa jirani yetu, mtu wa Murang'a aliyekuja Kisumu kuuza spea na akakaa mpaka akawa mtu wetu. Ndiye aliyekuwa anamtengeneza Fahali wa zamani, na yeye na Mzee walikuwa wakibishana juu ya ile injini kila wiki mpaka chai inapoa. Alifariki mwaka mmoja kabla ya Mzee. Kwa hivyo mmetuuzia Fahali ambaye ndani yake si Fahali, wala si wa ukoo wetu. Ni Njenga.

5. Mama Rahab. Huyu ni mjane wa Njenga, ana kibanda cha nyanya hapo kona. Habari ilimfikia nyanya za asubuhi hazijaisha. Alikuja na chupa ya chai, akasimama mbele ya pikipiki, akaiambia, "Baba Sheila, umerudi na haukupita nyumbani kwanza?" Sikujua nifanye nini, nikamletea kiti. Sasa anakuja kila siku. Anaifuta vumbi kwa leso yake, anaisimulia bei ya vitunguu. Sheila, binti yao anayesomea ushoni, amesema siku ya harusi yake baba yake lazima awe mbele ya kanisa, hata kama ni kwa magurudumu.

Na matokeo yake ni haya. Mama Dorca amekataa kabisa kubebwa. Anasema hawezi kupita mjini juu ya mume wa Rahab mchana kweupe. Frankline naye akitaka kwenda Port Victoria inabidi aombe ruhusa kibandani, na Mama Rahab anauliza, "Unamrudisha saa ngapi?" Siku za Jumamosi haitoki kabisa, kwa sababu Njenga alikuwa Msabato. Jumamosi ndiyo siku ya samaki wengi! Nikaenda kwa Mama Rahab kumsihi. Akanijibu kwa upole, "Mama Walter, mume wako ana kazi, lakini wangu ana imani." Sasa nami usiku pikipiki ikiwa sebuleni nabadilishia nguo jikoni, kwa kuwa ni baba wa watu.

6. Hili ndilo limenifanya nichukue kalamu. Mama ameanza kumtazama mtoto.

Mimi nilidhani ni upendo. Kumbe anapima. Mzee Walter alikuwa anakula kichwa cha mbuta mpaka macho, na mwanangu ukimpa supu ya samaki anaitema, anaipangusa hata kwenye ulimi. Mzee alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo, na mwanangu anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Mzee alikuwa haogopi ziwa, na mwanangu tukimpeleka ufuoni Dunga anaficha uso shingoni mwangu. Jumatano Mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kama kampuni nzima yenye mainjinia inaweza kukosea jina, sisi je? Sisi ambao hatukuuliza?" Ameita wazee Jumapili ijayo. Wataketi, wamtajie mtoto majina upya.

Ndugu Meneja, mtoto ana miezi kumi. Ukimwita Walter anageuka. Anageuka na mwili wote, mpaka anaanguka, halafu anacheka kile kicheko chake. Nikimwita jina lingine, ni nani atageuka?

Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, mfanye moja kati ya haya kabla ya Jumapili:

Kwanza, mrudishe sauti, kiki na moshi, ili Mama aone kwamba aliyepewa jina anaweza kumfikia aliyemtangulia, hata akichelewa kidogo.

Ikishindikana, mtume mzee mmoja wa kampuni, asiwe kijana wa mauzo, aje akae nasi na kutaja majina ya pikipiki zote mlizowahi kuziua, mpaka huyu anyamazie lake. Nitapika kuku. Akipatikana kuwa ni pikipiki nyingine, mlete na Fahali mwenyewe.

Na hilo likishindikana pia, muniandikie cheti chenye muhuri kwamba huyu ni Fahali wa damu, na kwamba mtu anaweza kutema supu na bado akawa ni yeye. Hayo maneno ya mwisho naomba yaandikwe kwa herufi kubwa, Mama hana miwani.

Nina imani mtanisaidia, kwa maana mtu anayerudisha jina la marehemu lazima naye ana moyo.

Wasalimie wote ofisini, na yule anayepaka tangi rangi, kazi yake haina kasoro hata Mama amekubali. Msalimie askari wa langoni na mama wa chai. Frankline anakusalimu, Mama Rahab anakusalimu, na Njenga naye kwa namna yake.

Ni mimi ninayekusubiri,
Seline, Mama Walter.

N.B. Barua hii ilikaa ndani ya Biblia ikingoja Frankline apite posta, na sasa Jumapili imepita, kwa hivyo naongeza kidogo.

Wazee walikuja. Aliyeongoza ni Mzee Ouma, mdogo wake marehemu. Kabla ya kufika kwa mtoto alitaka kusikia kosa la pikipiki, na mimi nikamsomea malalamiko yangu haya yote. Nilipofika kwa kiki akaanza kucheka. Akasema, "Hayo ni maneno ya Walter mwenyewe!" Kumbe Mzee alipomleta yule Fahali wake, alilalamika miaka. Alisema Fahali wa kweli ni yule wa mjomba wake, ambaye ilibidi umteremshe mlima ndio awake, na alikuwa anasikika mpaka Maseno. Huyu wa kiki, alisema, ni wa watu wavivu. Mama Rahab akadakia kutoka kwenye kiti chake, "Si ndiyo sababu Njenga alikuwa anakuja kwangu amechoka kusikia malalamiko?" Basi Mama Dorca akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka akakosa sauti, mabega tu yanatikisika. Nilimtazama Mama, nikamtazama mwanangu.

Mzee Ouma akauliza, "Na mtoto amekosa nini?" Nikasema anatema samaki. Mama akajibu haraka, kama mtu aliyeguswa, "Hata Walter mume wangu, kwa mama yake alikuwa anatema. Alianza kula nilipompikia mimi." Akaninyang'anya mtoto, akasema atampikia mwenyewe.

Leo asubuhi amekwenda sokoni amekaa nyuma ya Frankline. Alipopanda ikalia. Akaipiga tangi kofi, "Fahali, nyamaza!" na ikanyamaza. Frankline alikuwa na ufunguo mfukoni, lakini mimi sikuuliza. Mama Rahab amesema chai ataendelea kuleta, wanywaji wapo.

Kwa hivyo tafadhali msibadilishe chochote, hata kitufe. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshabandika. Na siku mtakayotoa Fahali mwingine, mjiandae, kwa maana Walter wangu atawaandikia. Nitakuwa nimemfundisha vizuri kwamba yule wa baba yake ndiye alikuwa Fahali.