Laban Ndunda Apigana na Jua Juu ya Bati Lake

Sogeeni, enyi mlio na masikio, nanyi mnaovuja jasho chini ya mabati ya Machakos, wekeni chini hayo magazeti mnayojipepea. Nawasimulia habari za Laban Ndunda, simba wa brashi, mshika ndoo asiyetetereka, aliyetoka kupigana na jua Jumamosi moja ya Februari.

Chanzo cha vita kilikuwa mama mkwe. Mukai wa Ndithini, mwanamke wa maneno machache na mazito, alikuja Januari kumwona mjukuu wake mchanga, akakaa saa moja katika nyumba ile ya vyumba viwili, kisha akamtolea bintiye hukumu: "Wavinya, huyu mtoto anapikwa kama muthokoi. Nikirudi nipate nyumba iko na joto hivi, naenda na nyinyi wawili mpaka mvua inyeshe." Na mvua ya Ukambani huja ikijisikia.

Basi Laban, ambaye angeweza kuishi bila mkono mmoja lakini si bila mke na mwana, alikoroga chokaa kwa maji na chumvi, kwani alikuwa amesikia kwamba paa jeupe hulirudisha jua lilikotoka. Akaegemeza ngazi kando ya mlango, akapanda hadi kileleni, akanena: "Ewe jua! Miaka mitatu unaingia kwangu bila kubisha hodi. Leo ni mimi na wewe, na majirani ni mashahidi!" Majirani waliokuwapo ni kuku wawili, nao hawakupinga.

Alikuwa amepaka robo tu ya paa wakati Mukai, aliyetarajiwa jioni, alipotokea saa tano, akapita kando ya ngazi, akaingia ndani. Ole wake Laban! Maana Wakamba wana nthoni, ile heshima inayomkataza mkwe kumkaribia mama mkwe au kumtazama usoni. Sasa ni mkwe gani amewahi kukaa juu ya kichwa cha mama mkwe, tena kwa kaptura? Akishuka, atatua mbele ya macho yake. Akibaki, aibu inaongezeka kila dakika.

Nalo bati lilimchoma makalio bila huruma. Ndipo akagundua kwamba palipopakwa panakalika. Akapaka ili apate pa kukaa, akasogea, akapaka tena, polepole kama mwizi.

"Wavinya, baba ya mtoto ako wapi?" Mukai aliuliza huko chini.

"Ametoka kidogo, mwaitu."

"Na hiyo inakwaruza huko juu ni nini?"

"Ni kunguru, mwaitu."

Kunguru akakohoa.

Saa tisa bati la mwisho lilisalimu amri. Laban akalala kifudifudi, mweupe toka nywele hadi vidole, akatega sikio penye tundu la msumari kusikia kama familia yake inabaki au inaondoka. Aliogopa, na mimi pia ningeogopa. Mtoto hakuwa akilia.

Kisha Mukai akanena:

"Wavinya, niletee shuka. Hapa kuna kabaridi." Kisha akaongeza: "Na uambie huyo kunguru nimegeukia ukuta. Ashuke akule."

Iandikwe basi, na watoto wafundishwe, kwamba mchana wa Februari, mjini Machakos, mama mkwe aliomba shuka.