Kiarabu Kilichovaa Kanga

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ofisi imefunguliwa! Kibao kiko mlangoni, chini ya ngazi za nyumba ya shangazi: MKUBWA, WAKARA WA MADAKTARI WA NJE. Nilimwambia mchoraji ni WAKALA. Kasema watu wa Mji Mkongwe wataelewa tu. Siku imeanza vibaya.

Mteja ni mmoja. Anatosha. Dk. Muawiya, daktari wa moyo, ametoka vitani Khartoum na begi moja, vyeti kavitia kwenye mfuko wa nailoni. Nimempa chumba cha juu. Mkewe na binti yao Tasnim wako Port Sudan, wanangoja apate leseni ya kutibu hapa ndipo awalete. Simu yake ilivunjika njiani, kwa hiyo binti hupiga kwenye yangu kila baada ya sala ya alasiri. Swali lake ni moja: lini? Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani, lakini hilo nalielewa. Baba hujibu inshallah, kisha hukaa dirishani mpaka magharibi.

Vyeti vimekubaliwa. Baraza la madaktari linataka akae kwanza chini ya uangalizi kwenye hospitali moja ndogo ya binafsi, Mtoni. Mkuu wa hospitali akiandika barua kwamba daktari anaweza kuzungumza na wagonjwa, leseni inatoka. Limebaki hilo tu. Kiswahili.

Binamu yangu Ubwa kashauri apelekwe darasani kama wageni wengine. Ubwa ana ofisi Bububu, anawashughulikia vibali walimu wa kaiti wa Paje, wale wanaovutwa na tiara baharini, basi anajiona waziri. Toa herufi mbili za mwanzo kwenye jina langu, unabaki na lake. Ndivyo alivyo. Mabaki.

Darasa la nini! Nitamfundisha mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua mbinu. Nimeigundua nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata kwa furaha.

Kiswahili ni Kiarabu kilichovaa kanga! Unachukua neno lao, unatia "ame" mbele na "i" nyuma. Safara: amesafiri. Fakkara: amefikiri. Sabara: amesubiri. Nilipomweleza daktari, machozi yalimlengalenga. Miezi yote alidhani ataanza upya kama mtoto, kumbe lugha anayo. Akazunguka chumbani akijitungia maneno mwenyewe. Nikamwacha. Mwalimu mzuri haingilii.

Wakati wa chakula cha mchana alimwambia shangazi kuwa "amesharibi maji", yaani ameyanywa. Shangazi alisikia ameharibu maji, akainuka kwenda kulichungulia tangi. Kosa dogo. Sikulirekebisha, nisije nikamvunja moyo.

Shangazi ni Bi Mashavu, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu mama alipoolewa Pemba. Siku hizi akipanda ngazi husimama katikati na kushika ukuta. Ukimuuliza, sijambo. Miguu imevimba, sijambo. Daktari hakumuuliza kitu. Alisimama tu mlangoni akamsikiliza anavyopanda, kisha akaniambia kwa Kiingereza moyo wa mama huyu umechoka, apelekwe hospitali upesi.

Nikasema tutaona. Kuna kibao cha kurekebisha kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi kalazwa Mtoni. Ubwa ndiye aliyempeleka, kwa gari yake, bila kuniuliza. Nilikuwa kwa mchoraji.

Lakini habari njema! Mkuu wa hospitali, Dk. Radhiya, mwanamke mkali, kasema Muawiya ana sikio ambalo hajaliona kwa daktari mwingine. Kamruhusu awe anawapa jamaa habari za wagonjwa ili azoee lugha. Akiendelea hivi, barua ataipata mwisho wa wiki. Daktari alinikumbatia mbele ya wauguzi. Jioni alimwambia Tasnim: karibu. Mtoto alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Ubwa alimletea shangazi machungwa, akasifiwa. Mimi nilichukua simu ya shangazi niende kuichaji nyumbani. Hakuna aliyesifu.

Jumatatu, 11 Agosti, mchana

Shangazi amefariki.

Nilichelewa kwenda kumwona. Daktari alinipokea langoni, akanishika mabega. "Bi Mashavu amefariki," akasema. "Asubuhi. Alhamdulillahi." Na akatabasamu! Nikajiambia, watu waliopita kwenye vita wana imani ya aina nyingine. Nikamuuliza yuko wapi. Kwa jamaa zake, akasema, Bububu.

Bububu! Kwa Ubwa! Ameshamchukua, bila hata kunipigia, ili msiba uwekwe kwake, watu wakanyage zulia lake waone na kiyoyozi. Nimelia njia nzima. Mimi ndiye niliyeoshwa na kulishwa na yule mama, si Ubwa. Nilikuwa nikiota ndoto mbaya anaacha kazi anakuja kukaa kitandani kwangu. Nani atakaa tena?

Sikumpigia Ubwa. Sitaki kuisikia sauti yake. Nimemwomba mwadhini atangaze: msiba uko Mji Mkongwe, kwa mwanawe Mkubwa. Sanda nimenunua Darajani, ya daraja la kwanza. Wachimba kaburi wameshakwenda Mwanakwerekwe. Mikeka imetandikwa, chungu kiko jikoni, watu wanaingia. Sasa Ubwa alete maiti, aone.

Siku hiyo hiyo, baada ya magharibi

Alimleta. Kwenye kiti cha mbele, na mfuko wa machungwa mapajani.

Daktari alimaanisha ametoka. Faraqa, ameachana na wodi. Shangazi aliruhusiwa asubuhi akapumzike kwa Ubwa siku moja. Daktari ametia "ame" mbele, ametia "i" nyuma. Sawasawa kabisa na nilivyomfundisha.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jirani yetu Bi Mwatum alikuwa katikati ya kumsamehe marehemu, kwa sauti, kuhusu sinia alilomwazima na hakurejeshewa. Shangazi akatokea kizingitini, kashika ukuta, pumzi hana. Wako waliopiga kelele. Wako waliotokea dirishani. Mimi, ambaye nilikuwa nimelia kutwa nzima nikitamani nimwone tena japo mara moja, nilijificha chooni.

Nikasikia anauliza nani kafa. Mtu akamwambia ni yeye. Akafikiri. Kisha akauliza kama watu wameshapewa chakula.

"Na sinia nlilirejesha, Mwatum," akasema. "Nlimpa mwanao mkononi."

Jumatano, 13 Agosti

Tumeitwa kwa Dk. Radhiya. Habari zimefika Mtoni kabla yetu. Jana mzee mmoja aliyekuja kumtazama mkewe alimwona Muawiya anamjia akakimbia, hakutaka kuambiwa chochote. Leo jamaa wengine wamefanya hivyo hivyo.

Dk. Radhiya hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema daktari ni mzuri, hilo halina ubishi, lakini neno moja lingeweza kumuua mtu pale mlangoni, na barua hawezi kuiandika. Asome lugha mwaka mzima, kwa mwalimu wa kweli, ndipo arudi. Kisha akamuuliza nani aliyemfundisha.

Daktari alitazama sakafu. Akasema kasoma mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa na la kusema, lakini koo lilinikauka, na chombo cha maji kilikuwa upande wa pili wa meza.

Jumapili, 17 Agosti

Mwaka mzima hana. Mkewe na mtoto wamepanga chumba kwa watu na wanatakiwa kuhama. Shemeji yake ana duka la simu Muscat, kamwambia aende akasimame kaunta. Daktari wa moyo! Auze makava ya simu!

Nilimwambia asikate tamaa, tunaweza kuboresha mbinu. Alisema ahsante. Hilo kalitamka vizuri sana.

Nilitaka kuirejesha sanda dukani. Shangazi kakataa. Kaikunja, kaitia sandukuni chini ya kanga zake. Kitambaa kizuri, kasema, na kitahitajika. Kaniomba jambo moja tu: mara nyingine nije nimtazame mwenyewe kwanza.

Nikamuuliza anajionaje. Sijambo, kasema. Hashuki tena chini.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemsindikiza bandarini. Nimembebea begi mpaka kwenye geti la boti. Kabla ya kuondoka alipanda chumbani kwa shangazi, akamsikiliza moyo mara ya mwisho, akampangia vidonge vya asubuhi upande huu na vya usiku upande ule. Shangazi alilia. Mimi sikumbuki kama aliwahi kunililia.

Getini alitaka kusema neno. Akaanza, "Leo tunafa..." akakatiza. Akanishika mkono tu. Kisha akaingia na watu wengine.

Alasiri simu ikalia. Tasnim. Nilisahau kwamba namba aliyonayo ni yangu. Akauliza lile lile: lini? Chumba cha juu kimefunguliwa dirisha na hakina mtu. Nikamwambia: "Baba amesafiri."

Halafu akalia, polepole, kama mtu mzima.

Yaani ameelewa! Mtoto wa Port Sudan, hajasoma Kiswahili hata siku moja, ameelewa neno zima! Kwa hiyo mbinu haina kosa. Kosa lilikuwa la daktari.

Sijala chakula cha usiku. Sijui kwa nini.

Jumanne, 2 Septemba

Wiki mbaya. Tasnim hapigi tena. Shangazi amechanganya vidonge vya asubuhi na vya usiku. Nimeviweka vyote pamoja kwenye kikombe, ndiyo rahisi zaidi.

Lakini leo! Mlango umegongwa. Mwanamke mrefu, kaungua na jua la Paje. Dk. Beatriz, kutoka Brazil. Alikuja kucheza kaiti, kaipenda Unguja, anataka kufanya kazi hapa. Alikuwa anaitafuta ofisi ya Ubwa. Nimemwambia Ubwa ni kifupi cha Mkubwa, karibu ndani.

Vyeti anavyo. Aliambiwa avipeleke moja kwa moja kwenye Baraza, kisha aingie darasa la lugha. Nimecheka. Nimemuuliza kwao wanazungumza nini. Kireno! Mimi nilishawaza zamani: meza ni yao, leso ni yao, bendera ni yao. Kiswahili ni Kireno kilichovaa kanga! Alifurahi mpaka akapiga makofi.

Na tazama bahati yangu: naye ni daktari wa moyo. Akaniuliza moyo tunauitaje. Neno 'moyo' halina Kireno ndani yake. Halafu nikakumbuka karata tunazocheza barazani, ile yenye moyo mwekundu, jina lake Kireno kitupu.

Kesho asubuhi nitampandisha kwa shangazi ajizoeze kuzungumza na mgonjwa. Sentensi ya kwanza ameshaihifadhi, anaitamka bila kosa: Bi Mashavu, kopa yako imechoka.