Kompyuta Imepata Anwani Kabla ya Mke Wangu

Buzebazeba, Kigoma
Juni 2016

Kwa Mwenyekiti wetu wa Mtaa, Mzee Hamdani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana ni malalamiko, na malalamiko hayasomwi wima.

Unamfahamu mke wangu, Spesiosa. Alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake. Amekulia Ujiji, na dagaa wake umeshawala wewe mwenyewe. Mwezi uliopita alikuomba barua ya utambulisho aende kambi ya wakimbizi kumwona shangazi yake, Bi Lyse, aliyekimbia ghasia za Burundi mwaka jana na sasa anaumwa. Ukamjibu, "Mama, makazi yako ya kudumu mimi siyajui." Ulisema hayo ukiwa umekalia kiti chetu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki hiyo hiyo mwanetu Dotto alitutumia kompyuta kutoka Dodoma ili mama yake aone walau sura ya shangazi. Fundi Anatoli wa Mwanga akaja na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, akasema kila chombo kinachoingia humo lazima kiwe na anwani. Nikajiandaa kwa maswali: imezaliwa wapi, ilivukia wapi, wazazi wake ni akina nani. Nilishavaa hata koti. Anatoli akabofya, akaandika 192.168.1.7, akasema, "Tayari, Mzee. Huyu sasa ni wa hapa." Kompyuta imetengenezwa China! Hata Kiha haijui.

2. Tangu hapo ruta imepokea simu yangu, simu ya Spesiosa, na runinga ya jirani. Hakuna aliyeulizwa kabila. Simu ya Spesiosa ina makazi, mwenye simu hana. Nilipomweleza, akasema, "Basi mwambie Mwenyekiti aiandikie simu barua, mimi nitaisindikiza."

3. Jumapili Anatoli alinionyesha vyombo vyote vyenye anwani nyumbani kwangu. Nikakuta na simu yako. Kumbe ule upepo unaokuja kupunga ukutani kwetu kila jioni ni intaneti! Sina kinyongo. Ila kwa mujibu wa ruta wewe ni mkazi wa nyumba yangu, na wanaume wa nyumba hii huteka maji. Ndoo yako ipo mlangoni.

4. La nne linaniuma, kwa hiyo nitalisema haraka. Juzi Bi Lyse alionekana kwenye kompyuta, mgonjwa mwenzake akimshikia simu. Amekonda. Alimwita Spesiosa kwa jina la utotoni, akamwuliza, "Uzoza ryari?" yaani utakuja lini. Spesiosa akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Basi, naomba mambo mawili. Kwanza, mwandikie Spesiosa barua yake. Pili, kama kazi imekuelemea, kiti cha uenyekiti kikabidhiwe ruta. Hailali, haibagui, haili dagaa wa watu, na ikishakupa anwani haikunyang'anyi.

Wasalimie wote wa kwako, wakubwa kwa watoto, hasa mama, ambaye hajui unakopunga upepo. Spesiosa naye anakusalimu, ingawa sikumwuliza.

Mimi mkazi mwenzako, kwa maana zote mbili,
Filemoni

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikaipa simu nyingine ile namba ya kompyuta yetu, na kompyuta inaandika kwamba anwani yake tayari ina mtu. Haiingii popote. Nimeizima, nimeiwasha, nimeibembeleza. Spesiosa ameitazama, akasema kwa Kirundi, "Nayo yabaye impunzi," yaani nayo imekuwa mkimbizi, akaifunika khanga. Ombi la pili nalifuta, kiti baki nacho. La kwanza linakuja kwako kwa miguu: barua hii anakuletea Spesiosa mwenyewe, na amevaa viatu vya safari.