Habari za Kuegeshwa kwa Gari la Njano Kando ya Bahari ya Ugenini

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mlio njiani, wekeni chini vikombe na simu zenu, na wewe unayesinzia kwenye kiti changu ilhali nusu ya kichwa haijasukwa, amka, kwa maana nitakayoyanena leo si porojo za saluni. Nitasimulia vita vilivyopiganwa kati ya ukuta wa mawe na gari la watalii, mahali ambapo nchi ya watu inaishia na bahari yao inaanzia, vita ambavyo shemeji yangu aliviingia akitetemeka na akavitoka akiwa mtu mwingine. Mimi ni msusi, mdomo wangu haujapata kufungwa na mtu, na nilikuwapo.

Kwanza mjueni shujaa. Huyo ni Dereva, Simba wa Usukani, Mmeza Lami, mwendesha mabasi ya masafa marefu, ambaye abiria wakisikia yuko zamu huenda msalani mapema kwa kuwa wanajua hatasimama njiani. Kwake kituo ni kituo, na pasipo kituo hata malaika akipunga mkono atapitwa tu. Ubavuni pake alikaa dada yangu, Konda, Mwenye Sauti ya Radi, ambaye kabla hajawa mkewe alikuwa konda wa basi lake, na kusema kweli hajaacha kazi, amebadilisha gari tu. Nyuma nilibanwa mimi na sanduku la nguo, na kando yangu, amenyooka utadhani anapigwa picha ya kitambulisho, alikaa Mama, mzazi wetu, mama mkwe wa Dereva, Dobi Mkuu, aliyefua mashuka ya hoteli tangu ujana wake hadi vidole vikakataa kunyooka.

Sasa jueni pia kwamba Mama na mkwewe wanaheshimiana mno, kiasi kwamba tangu ndoa ile ifungwe hawajapata kusemezana moja kwa moja. Mama akitaka kitu humwambia dada, mwambie mwenzio. Naye Dereva humjibu dada, mwambie Mama. Nyumbani jambo hilo lina nafasi yake. Lakini ndani ya kigari cha njano cha kukodi, ambamo goti la huyu limo mgongoni mwa yule, maneno yalitoka kiti cha nyuma, yakapita kwa dada, yakaingia sikio lililokuwa jirani tangu mwanzo, yakarudi kwa njia ileile, na sote tukayasikia kwenda na kurudi.

Na alichokitaka Mama kilikuwa kimoja, nacho ni kukanyaga maji ya bahari ile. Siku ya kuondoka aliwaaga wenzake wa kufua, akawaapia kwamba miguu yake, iliyosimama umri mzima kwenye maji machafu ya watu, itasimama walau mara moja kwenye maji safi ambayo kando yake hakuna mtu anayesubiri nguo zake. Tulilijua hilo sote. Nayo ilikuwa siku ya mwisho: gari lilitakiwa kurudishwa jioni, na baada ya ghuba ya mwisho barabara iliipa bahari mgongo, ikapanda milimani, isirudi tena.

Ee bahari ile, nikusifu vipi mimi mtu wa vitana na mafuta ya nywele! Kushoto kwetu majabali yalisimama wima, yamebeba nyumba nyeupe ambazo sikuelewa wenyewe hupandaje wakiwa na mizigo. Kulia, chini kabisa, maji yalimeta kwa buluu ambayo hata kwenye rangi za kucha sijapata kuiona. Kila baada ya kona palikuwa na kiwanja kidogo cha kuegesha, watu wameshuka, wanapigana picha, wanalamba aiskrimu. Mama akasema, mwambie mwenzio pale panafaa. Dereva akasema, mwambie Mama mbele ni pazuri zaidi. Tukapita. Ghuba ikafuata ghuba, kila moja ikawa nyuma yetu kabla sijamaliza kuisifu, na kila mara jibu likawa mbele, mbele kidogo. Kila alipotaka kuwasha taa ya kukata kona, waipa zilianza kufagia kioo kikavu, kwa maana katika nchi ile usukani uko kushoto na vyote vimewekwa upande usio wake, naye alizizima kwa hadhi kubwa, kana kwamba alikuwa anazikagua.

Hatimaye nikatazama ramani kwenye simu yangu, nikaona, nikatangaza: ghuba inayokuja ndiyo ya mwisho. Mama hakusema mwambie mwenzio. Aligeukia dirisha, akaweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo. Iliniuma, jamani. Ningekuwa na usukani ningeliingiza gari lile baharini lizima lizima.

Dada alimwona kupitia kioo cha pembeni. Hakubishana, hakusihi. Alishusha dirisha, akatoa mkono nje, akaupiga mlango pigo moja, pah! Naam, wasiojua na wajue: katika kazi ya mabasi, pigo moja kwenye bodi maana yake simama, na mapigo mawili maana yake twende, na amri hiyo haipiti masikioni, huenda moja kwa moja mguuni. Simba wa Usukani alikanyaga breki kabla hajajua amefanya nini. Gari likasimama katikati ya barabara, juu ya ghuba ile ya mwisho, ubavuni mwa nafasi moja tu iliyobaki ya kuegesha, na nyuma yetu honi za mataifa zikaanza kulia.

Hapo ndipo Dereva alipotoa hotuba ambayo sikutarajia kuisikia maishani mwangu.

"Mke wangu," akasema, amekaza macho mbele, "mimi nimevuka mito iliyofurika, nimeshuka milima usiku bila taa moja. Lakini itazame nafasi ile. Mbele ni gari la watu, nyuma ni gari la watu, kulia ni ukuta, na chini ya ukuta hakuna kitu. Huku kwao sijui hata bega la gari langu linaishia wapi. Nikikwaruza kitu mbele ya Mama, nitamtazama kwa uso gani?"

Mama, ambaye pua yake haikuwa mbali na kisogo cha msemaji, alijifanya hakusikia, kama heshima inavyotaka. Kumbe! Kumbe kutwa nzima hatukuwa tunakimbizwa na haraka, tulikuwa tunakimbizwa na aibu ya mkwe. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira, nikashindwa nianze na ipi.

Dada hakushindwa. Aliteremka, akatuteremsha mimi na Mama, akakunja mikono ya blauzi, akasimama katikati ya lami ya wageni na kuzinyamazisha honi kwa kiganja kimoja kilichoinuliwa. Kisha akainama dirishani.

"Nitazame mimi," akamwambia. "Usimtazame mtu mwingine yeyote hapa duniani."

Vita vikaanza. Rudi, akanguruma Konda, rudi, kata yote, yote, nimesema yote! Gari la njano likarudi kwa hofu, likachungulia ukuta, likatoka, likarudi tena kwa pembe nyingine, huku waipa zikiwaka zenyewe na kufagia kwa bidii ambayo hakuna aliyeiomba. Watalii wakaacha aiskrimu zao ziyeyuke. Mwendesha baiskeli mmoja aliyebanwa na nguo akashuka, akavua kofia. Nyoosha, akaimba dada yangu, nyoosha, njoo, njoo polepole, hapohapo! Na likatulia. Lilitulia kati ya gari la watu na gari la watu, ukuta umebaki upana wa kitana changu, pasi na mkwaruzo, na umati ukapiga makofi ambayo hayahitaji mkalimani.

Kwa furaha iliyomzidi, dada yangu akaupiga mgongo wa gari lile mapigo mawili.

Mnakumbuka mapigo mawili maana yake nini. Yeye alisahau, mguu wa mumewe haukusahau. Gari lilichomoka kwenye nafasi ile iliyopatikana kwa jasho, likapinda kona na kutoweka, waipa zikituaga, na kabla hatujafumba midomo gari jeupe la watu wengine likajisogeza na kuichukua nafasi yetu. Tukabaki kando ya barabara, wanawake watatu, bila sanduku, bila dereva. Mama alitazama kona, akamtazama dada, kisha akacheka. Alicheka hadi akaushika ukuta, hadi machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa mtoto.

Tukashuka ngazi za mawe hadi mchangani. Mama akavua viatu, akavipanga, akasogea hadi pale mchanga unapoanza kulowa, akasimama. Povu lilikuja, likakaribia vidole vyake, likarudi. Tukamwambia, ingia basi. Akasema haingii.

"Aliyenileta hajafika," akasema.

Tulimsihi, mimi kwa maneno mengi na dada kwa sauti kubwa. Tukamwambia barabara ile haina pa kugeuzia, huenda mtu wetu ameshafika milimani, huenda gari litatakiwa kabla hajarudi, na yeye Mama atakwenda kuwaambia nini wenzake wa kufua? Mama akajibu kwamba mtu aliyehangaika vile kwa ajili ya uso wake hawezi kukuta shughuli imekwisha. Jua likaanza kuinama, na vidole vyake vikabaki vikavu.

Ndipo akatokea juu ya ngazi, amebeba viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, anahema. Alikuwa amegeuzia kwenye lango la mtu, amerudi, na ameliegesha kati ya pipa la taka na ukuta, pasi na konda, pasi na pigo wala kelele za njoo njoo. Pasi na mkwaruzo! Akasimama mbali kidogo na mkwewe, akamtazama dada.

"Mwambie Mama," akasema, "gari nimeliegesha peke yangu."

Dada akafungua mdomo apeleke ujumbe. Mama akamtangulia.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, naye alikuwa anamtazama Dereva mwenyewe. "Nipe mkono. Naogopa."

Simba wa Usukani aliuangalia mkono ule, vidole visivyonyooka, akaushika. Wakaingia. Wimbi la kwanza likawafika vifundoni, la pili likaja bila adabu na kumlowanisha Mama hadi kiunoni, naye akapiga ukelele na kutamka neno ambalo sisi wanawe tulipigwa kwa kulitamka.

Basi na watawala wahesabu ngome zao na majemadari waoneshe makovu yao. Mimi msusi naiweka habari yangu hii mbele ya dunia, na anayebisha aje saluni. Siku ile gari la njano liliegeshwa, bahari ya watu ikampokea mama yetu, na dereva asiyesimama akasimama ndani ya maji, ameshika mkono wa mkwewe, hadi Mama mwenyewe aliposema imetosha.