Stesheni ya Nyuzi Tupu

Jumatatu, 3 Juni

Nimetolewa kwenye gitaa. Mimi! Kinyozi, ambaye kundi letu la muziki hukutana kibandani kwake kila Jumamosi, kanipigia simu nikiwa kazini stoo, napanga mabati. Akasema bwana usikasirike, mkono wako wa kushoto mzito, nyuzi unazishika kama mtu anayekaba kuku. Gitaa abaki nalo Vidole, yule mpigaji wetu mwingine. Mimi nije tu nipige makofi. Makofi! Tena akaongeza kwamba makofi nayo ni muziki.

Nisipokwenda pale Jumamosi, sina pengine pa kwenda. Naandika ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Nimekula nimesimama. Kwa hasira nikaanza kulegeza nyuzi za gitaa langu la nyumbani nizing'oe zote. Nikalegeza huu, nikalegeza ule, mkono ukateleza ukazipiga. Lo! Zikaitikia zote kwa pamoja, tamu, bila kidole hata kimoja upande wa kushoto. Nikalaza kidole kimoja juu ya zote, nikapanda nacho shingoni. Tamu nyingine! Nimepiga mpaka giza likaingia na taa sijawasha.

Siandiki nimelegeza upi na kwa kiasi gani. Wezi wa ujuzi wamejaa.

Jumanne, 4 Juni

Jirani kagonga. Ni fundi cherehani, tunapakana ukuta. Nikalitupa gitaa kitandani, nikalifunika shuka. Nilijua kaja kulalamika. Kumbe kauliza ule muziki wa jana ulikuwa wa nini. Nikasema redio. Akasema stesheni nzuri hiyo, hawana maneno mengi. Iko namba ngapi? Nikamwambia inategemea hali ya hewa.

Akacheka kidogo, akabaki mlangoni kama mtu mwenye neno. Akasema tangu binti yake aolewe nyumba imekuwa kimya mno, kaka. Nikasema pole. Nikafunga mlango. Nimeponea chupuchupu!

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Cherehani ya jirani hunyamaza kila nikianza, hurudi nikiacha. Hasira hizo. Nimepunguza sauti.

Mpango umeiva. Jumamosi naenda na gitaa langu, nalitega karibu na Vidole. Yule hawezi kuona gitaa la mtu akaliacha. Atalishika kwa mitindo yake ya kawaida, litoe kelele za sufuria zinazoporomoka, watu wamcheke. Hapo nanyanyuka mimi na kidole changu kimoja. Kibanda kizima kimya! Kinyozi ataniomba radhi. Nitamsamehe, ila si siku hiyohiyo. Kisha watasogea, waseme keti hapa katikati, bwana. Hapo pa katikati napataka sana.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa.

Vidole kalishika, kama nilivyopanga. Likatoa kelele, kama nilivyopanga. Mteja mmoja akageuka na povu lake kidevuni. Nikacheka chinichini kwenye mkono wa shati. Lakini yule bwana hakuona haya hata chembe! Akainamisha sikio, akaachia mkono wa kushoto, akazipiga nyuzi tupu. Akasema ahaa. Halafu akaanza kupiga vitu ambavyo mimi sijaviota, na kidole kimoja kilekile, kidole changu! Kinyozi akazima mashine asikilize.

Vidole akanigeukia, macho yanang'aa. Akasema kaka, hii umeitoa wapi? Nifundishe, nije kwako siku moja tukae tuichezee, mimi sijawahi kuisikia. Akasema hivyo mbele ya watu wote.

Nikaona huyu anataka kuniibia. Nikasema sijui unasema nini, gitaa limelegea tu.

Basi akasema samahani, akazungusha funguo za nyuzi moja moja, akazirudisha kwenye sauti ya kawaida, akanirudishia gitaa kwa mikono miwili. Kinyozi akasema haya, zamu yako. Sikuwa na la kufanya. Nikalaza kidole, nikapiga: sufuria zilezile zikaporomoka.

Kinyozi alikuwa keshawasha mashine tena; ikachepuka, mteja ana njia kichwani asiyoiomba. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Kinyozi akaniambia taratibu kwamba makofi bado yapo. Nikasema nina kazi stoo. Jumamosi jioni, stoo imefungwa, na wao wanajua.

Jumapili, 9 Juni

Tangu asubuhi naitafuta ile sauti. Uzi wa tatu niliulegeza? Au wa pili? Nalegeza, nakaza, nalegeza. Hola. Mwishowe uzi mmoja ukakatika ukanichapa shavu.

Jirani kagonga tena. Safari hii kaja na kigoda mkononi, na gauni la kushona vifungo. Akasema leo nimeona bora nije tusikilize wote ile stesheni yako, kama si usumbufu. Nilitaka kumwambia karibu. Neno lilifika hapa kooni. Ila angeuliza redio iko wapi! Nikasema imeharibika.

Akasema aa, basi pole. Akarudi na kigoda chake. Nimeumia kuliko jana, sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi! Nimepata nyingine, kwa nyuzi tano tu, tena tamu kuliko ya kwanza. Mbona watanitambua! Safari hii silipeleki gitaa kwa Kinyozi ng'o, mpaka liwe tayari kabisa. Vidole kapiga simu mara mbili, sikupokea. Mjanja yule. Na mtindo wenyewe siandiki popote, uko kichwani.

Jirani kanunua redio. Namsikia ng'ambo ya ukuta anazungusha: krrr, mtu anasoma habari, krrr, tangazo la sabuni, krrr. Anaitafuta ile stesheni. Nikipiga, anaacha kuzungusha. Nikinyamaza, anaanza upya.

Masikini, atachoka. Nimeziba upenyo wa chini ya mlango kwa shuka, na godoro nimelisimamisha ukutani, asije akanisikia.